Kitisho cha Mlangoni: Juu ya Mabango na Trela za Filamu za Kutisha

Mwaka 2014 bango moja la karatasi, lililochapishwa Marekani mwaka 1927 ili libandikwe nje ya majumba ya sinema kwa siku chache na kisha litupwe, liliuzwa mnadani kwa dola 478,000. Ajabu ya mauzo hayo si ukubwa wa bei, maana wakusanyao athari za kale wamezoea kutoa mali nyingi kwa vitu vidogo. Ajabu yake ni kwamba filamu iliyotangazwa na bango lile haipo tena. London After Midnight, ambayo Tod Browning aliiongoza na Lon Chaney akaiigiza kwa ajili ya studio ya MGM, nakala yake ya mwisho inayojulikana iliteketea katika moto ulioliunguza ghala la studio hiyo katika miaka ya 1960, na tangu hapo hapana aliyebahatika kuipata nyingine. Basi hapa tunalo tangazo lisilotangaza kitu chochote, ahadi ambayo mwenye kuahidi hana tena cha kuitimizia, na juu ya hayo yote bado lina nguvu ya kumsimamisha mtu mbele yake na kumtia wahaka.

Mfano huu unatusaidia kutenga mambo mawili ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa jambo moja, yaani kitisho kilichomo ndani ya filamu na kitisho kilichomo katika tangazo lake. Dhana iliyoenea ni kwamba tangazo ni sehemu iliyomegwa kutoka katika bidhaa, kama vile muuza halua ampavyo mpita njia kipande aonje ili anunue sahani nzima. Na kwa filamu za vichekesho, za nyimbo na za mapigano dhana hiyo ina ukweli wake, kwani aliyecheka kwa mzaha mzuri yu tayari kuucheka tena, na aliyependa wimbo aghalabu huupenda zaidi mara ya pili kuliko mara ya kwanza. Hofu haina tabia hiyo. Kitu kilichokwisha kukushtua gizani, ukijua kitatokea wapi na wakati gani, hakikushtui tena ila kwa nusu, na mara ya tatu huwa cha kuchekwa. Kwa hiyo mtangazaji akikata kipande cha filamu ya kutisha na kukionyesha hadharani, hakumwonjesha mteja, bali ametumia rasilmali ya mwenye filamu kabla ya mlango kufunguliwa. Hoja yangu ni kwamba tangazo lililo bora la filamu ya namna hii halikimegi kitisho kutoka katika filamu hata kidogo. Hukibuni chake lenyewe, kwa vifaa vyake lenyewe, na faida inayopata filamu ni kwamba mtazamaji huingia ukumbini akiwa amekwisha kujichukulia hofu yake mlangoni.

Sijui ushahidi ulio wazi zaidi kuliko trela ambayo Alfred Hitchcock aliitengenezea Psycho mwaka 1960. Huchukua dakika sita na nusu hivi, muda ambao leo hapana mwenye sinema angeukubali, na katika dakika zote hizo hamna hata tukio moja lililochukuliwa kutoka katika filamu yenyewe. Anayeonekana ni Hitchcock mwenyewe, mtu mnene aliyevaa suti nyeusi, akiwatembeza watazamaji katika hoteli ndogo ya kando ya barabara kuu na katika nyumba iliyo nyuma yake, akisema kwa sauti ya upole na adabu nyingi. Chini ya ngazi anaanza kueleza jinsi mtu mmoja alivyoporomoka na mgongo wake ukavunjika, na mikono yake inaanza kuuchora hewani mpindo wa mwili ule, kisha anajikatiza na kusema kwamba afadhali asiendelee. Katika chumba cha mama mwenye nyumba anatuonyesha kitanda ambacho bado kina alama ya mtu aliyekilalia; anafungua kabati la nguo, anachungulia, analifunga. Sebuleni anasimama mbele ya picha iliyotundikwa ukutani, anatuambia kwamba picha hiyo ina maana kubwa kwa sababu, na hapo hapo anakumbuka kwamba kuna chumba kingine tunachotakiwa kukiona. Bafuni, ambamo anasikitika kwamba wamekwisha kusafisha na hatukupata kuiona damu, ananyoosha mkono kulivuta pazia, na mwanamke anapiga ukelele. Hata mwanamke huyo si Janet Leigh, ambaye ndiye mwenye kuoga katika filamu, bali ni Vera Miles aliyevishwa nywele za bandia.

Msomaji atagundua kwamba Hitchcock hakuficha mengi. Ametaja mauaji mawili, ametaja ngazi, ametaja bafu, na mwenye kusikiliza kwa makini angeweza kutoka pale akijua mahali hasa pa kufumba macho. Walakini waliokwenda kuitazama filamu walishtuka mshtuko ambao historia ya sinema haijausahau, na sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba trela iliwapa hofu ya aina nyingine kabisa. Ile ya trela imejengwa juu ya sentensi zinazokatwa pale pale zinapokaribia kueleza, na juu ya ucheshi wa mzee anayeyazungumza maovu kana kwamba anazungumza juu ya hali ya hewa. Ile ya filamu imejengwa juu ya jambo ambalo trela haikuligusa, nalo ni kwamba atakayeuawa bafuni ni yule yule mwanamke ambaye kwa zaidi ya nusu saa tumeambiwa kwamba kisa ni chake. Hofu hizo mbili hazikopeshani. Fauka ya hayo, Hitchcock aliwalazimisha wenye majumba wasimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza, na mabango yakamwonyesha mwenyewe akiinyooshea kidole saa yake ya mkononi. Hilo ni sharti ambalo Henri-Georges Clouzot wa Ufaransa alikuwa amekwisha kulijaribu miaka mitano nyuma kwa Les Diaboliques, na ambalo kwa kweli ni tangazo kuliko lilivyo sheria, maana mtu akifungiwa mlango huamini kwamba ndani mna kitu.

Bango la Alien, la mwaka 1979, laifuata njia hiyo hiyo kwa ufupi zaidi. Juu ya weusi mtupu limeelea yai lenye ufa chini, na katika ufa huo unatoka mwanga wa kijani. Chini yake ni sentensi moja tu, ambayo Barbara Gips aliitunga, ikimkumbusha msomaji kwamba huko anga za mbali hapana wa kukisikia kilio chake. Mume wake, Philip Gips, ndiye aliyelisanifu bango. Sasa, aliyeiona filamu anajua kwamba yai hilo halimo: mayai yaliyosanifiwa na H. R. Giger ni makubwa, yana ngozi ya kunyumbuka, nayo hufunguka juu kwa midomo minne, ilhali yai la bangoni ni kama la kuku. Mtu mwenye kupenda usahihi angesema bango limekosea. Mimi nasema limefanya vizuri, kwa kuwa yai tulijualo sote, ambalo kila asubuhi hupasuliwa jikoni bila kufikiriwa, likipasuka lenyewe mahali pasipo kuku wala mtu, hutisha zaidi kuliko kiumbe kigeni ambacho akili bado haijakizoea hata ipate kukiogopa.

Huenda mtu akadhani kwamba ninatetea kanuni inayojulikana, yaani kwamba tangazo zuri ni lile linaloficha. Hasha. Bango la Jaws, ambalo Roger Kastel alilichora kwanza kwa ajili ya jalada la kitabu, halifichi lolote: mwanamke anaogelea juu ya maji, na chini yake papa mkubwa kupita kiasi anapanda kutoka vilindini, kinywa wazi, meno safu safu. Wavuvi wa pwani yetu wangecheka kuambiwa kwamba kuna papa wa ukubwa ule, na hata papa wa filamu hakuufikia. Lakini tuitazame filamu. Papa wa mitambo aliyetengenezewa Steven Spielberg alikuwa akiharibika kila mara kwa maji ya chumvi, na kwa ajili hiyo mwongozaji alilazimika kuupitisha muda mrefu akiwaonyesha watazamaji mapipa yanayoelea na uso wa bahari, na kuwasikilizisha muziki wa noti mbili wa John Williams, huku mnyama mwenyewe akichelewa kuonekana. Papa aliyekosekana katika filamu walikuwa wamekwisha kumwona mlangoni, na katika matangazo ya televisheni ambayo Universal iliyalipia takriban dola 700,000 katika siku za kuelekea ufunguzi wa Juni 20, 1975. Kila mtu aliingia na papa wake kichwani. Filamu ikawa na ruhusa ya kunyamaza kwa sababu bango lilikuwa limekwisha kusema kwa sauti kubwa.

Mgawanyo huu wa kazi ni wa zamani kuliko Spielberg. Mwaka 1942 studio ya RKO, iliyokuwa katika dhiki ya fedha, ilimpa mtayarishaji Val Lewton masharti matatu: filamu zake zisizidi dola 150,000, zisizidi dakika 75, na majina yake yachaguliwe na wakubwa wa studio, ambao walikwisha kuyapima majina hayo kwa watazamaji kabla hadithi haijaandikwa. Cat People ilizaliwa hivyo. Jina kwanza, hadithi baadaye. Tangazo, kwa maana hiyo, lilikuwa limeitangulia bidhaa yenyewe, na mtu angetarajia kwamba matokeo yangekuwa takataka. Lewton na mwongozaji wake, Jacques Tourneur, waligeuza mambo: kwa kuwa jina na mabango vilikuwa vimekwisha kumpa mtazamaji mwanamke ageukaye chui, wao hawakuwa na haja ya kumwonyesha sana, na katika tukio la bwawa la kuogelea lenye kujulikana kuliko yote walitumia kivuli, mwanga wa maji ukichezea ukutani, na mngurumo tu. Wengi wameusifu usanii huo wa kuzuia, nao unastahiki. Wachache wamesema kwamba kuzuia kule kuliwezekana kwa sababu mlangoni hapakuwa na kizuizi chochote.

Walioufikisha mgawanyo huu hatima yake ni mafundi wa Ghana. Katika miaka ya 1980, vyombo vya video vilipoingia, wenye biashara walianza kuzunguka mijini na vijijini na televisheni, mashine ya kanda na jenereta, na kwa kuwa mabango ya kuchapishwa hayakupatikana, waliwaajiri wachoraji wa vibao vya maduka wawachoree kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyokatwa na kushonwa pamoja, turubai ambayo ingeweza kukunjwa, kupakiwa, na kutandazwa tena mahali pengine. Mchoraji mara nyingi hakuwa ameiona filamu. Alipewa kasha la kanda, au alisimuliwa kisa, na mengine aliyajaza mwenyewe. Ndiyo maana katika turubai hizo mna nyoka wanaotoka vinywani, vichwa vilivyokatwa na mifupa inayotembea hata pale filamu isipokuwa na nyoka wala mfupa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao leo huzinunua na kuzitundika katika majumba ya sanaa, huzicheka kwa mapenzi kana kwamba ni makosa ya watu wasiojua. Mimi naona katika hizo ufahamu wa kazi ulio mpevu: mchoraji alikuwa na deni kwa mtu aliyesimama mbele ya turubai jioni ile na senti zake mkononi, si kwa studio ya mbali ambayo haikujua kwamba yeye yupo, na vitisho alivyovichora alivichota katika hekaya na mahubiri ambayo mtu huyo aliyajua tangu utotoni.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine, maana filamu za majini na mizuka zilizotengenezwa Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii, kama vile Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilitoka moja kwa moja katika kanda na kuuzwa Kariakoo, na kasha ndilo lililokuwa bango. Katika kibanda umiza palitosha ubao wa chaki wenye jina la picha na saa ya kuanza. Mchoraji wa magunia hakupata nafasi hapa, nami nasikitika kidogo.

Tukirudi katika trela za siku hizi, ambazo kwa kawaida hazizidi dakika mbili na nusu, tunakuta kwamba karibu zote zimekiuka kanuni niliyoieleza, na zimeikiuka kwa namna moja. Huanza na familia inayohamia nyumba mpya au na msichana aliyebaki peke yake. Wimbo wa kitoto huimbwa polepole. Kisha kimya, mlango unafunguka, hamna kitu, tunashusha pumzi, na hapo hapo kishindo cha sauti na uso. Kishindo hicho kimekatwa kutoka katika filamu, tena kwa kuwa filamu nyingi hazina vishindo vya kweli zaidi ya vitano au sita, trela huvitumia vilivyo bora vyote, na anayekwenda sinema hukaa akivihesabu huku akisubiri kile ambacho bado hakijatokea. Najua jibu la wenye biashara: tiketi hulipwa kabla ya kutazama, kwa hiyo hasara ya mtazamaji si hasara yao. Lakini hofu, kuliko hisia nyingine, huuzwa kwa maneno ya aliyetoka ukumbini akimwambia rafiki yake kwamba hakulala, na mtu aliyeonyeshwa yote bure hana la kumwambia rafiki. Haki inanitaka niseme pia kwamba kukata kipande si dhambi kwa kila hali. Bango la The Exorcist la mwaka 1973, kazi ya Bill Gold, ni picha ya filamu yenyewe: mtu mwenye kofia na mkoba amesimama usiku chini ya taa ya barabarani, akiitazama nyumba ambayo dirisha lake linamwaga mwanga. Kilichokatwa hapo ni mtu anayewasili. Kitisho kimebaki ndani ya nyumba.

Na wapo walioutambua udhaifu huo wa trela za kukata vipande wakatafuta njia nyingine. Paranormal Activity, iliyogharimu kama dola 15,000 na kusambazwa na Paramount mwaka 2009, ilitangazwa kwa trela ambayo sehemu yake kubwa ni watazamaji waliopigwa picha gizani kwa kamera ya mwanga usioonekana, wakirukaruka vitini, wakijifunika nyuso, wakimshikilia jirani. Tunaiona hofu, kinachoogopwa tunakiona kwa kudokezwa tu. Mwaka 2022 waliotangaza Smile waliwaketisha watu katika viwanja vya besiboli, nyuma ya mpigaji, mahali ambapo kamera za televisheni hazina budi kuwaonyesha, nao wakakaa wakitabasamu tabasamu lisilobadilika bila kupepesa macho. Hapakuwa na trela hapo, wala bango, wala kipande cha filamu.

Swali linalofuata ni zito zaidi. Maadamu tangazo lina ruhusa ya kubuni, ruhusa hiyo inafika wapi? William Castle, aliyeitangaza Macabre mwaka 1958 kwa kumpa kila mtazamaji hati ya bima ya dola 1,000 kutoka Lloyd's ya London endapo angekufa kwa hofu, na kuwasimamisha wauguzi ukumbini, alitia chumvi nyingi. Lakini kila aliyeipokea hati ile alijua kwamba amealikwa mchezoni. Waliouza The Blair Witch Project mwaka 1999 walifanya jambo jingine. Walibandika matangazo ya watu waliopotea, wakafungua tovuti yenye historia ya uongo na picha za upelelezi, na waigizaji watatu wasiojulikana, ambao katika filamu walitumia majina yao halisi, wakatakiwa wasijitokeze, ili watu waamini kwamba wamekufa msituni. Filamu hiyo, ambayo kuipiga kuligharimu makumi ya maelfu tu ya dola, iliingiza karibu dola milioni 248. Kwa ustadi ni kazi ambayo haina mfano, nami siwezi kuikana, kwani ndiyo inayothibitisha hoja yangu kuliko zote: tangazo lilikuwa hadithi kamili, na filamu ikawa sura yake ya mwisho. Hata hivyo naona kwamba hapo mpaka ulivukwa, si kwa sababu walisema uongo, bali kwa sababu aliyedanganywa hakupewa njia ya kujua kwamba kuna mchezo, na walio hai walifanywa maiti kwa majina waliyopewa na wazazi wao.

Jambo la pili katika swali hilo linahusu wasiokuwa wateja. Filamu ina mlango, na mlangoni yupo wa kuuliza umri. Uingereza iliweka cheti cha X mwaka 1951 kwa ajili ya watu wazima peke yao, na kampuni ya Hammer, badala ya kuona aibu, mwaka 1955 iliitangaza filamu yake kwa jina la The Quatermass Xperiment, herufi ya katazo ikawa mapambo ya bango. Bango lenyewe halina mlango. Mtoto anayepelekwa shule huliona, na mgonjwa aliye ndani ya basi huliona. Mwaka 1982 tangazo la kanda ya The Driller Killer, lililoonyesha keekee ikitoboa paji la uso wa mtu, liliamsha malalamiko Uingereza, na ghadhabu iliyokua kutoka hapo ni miongoni mwa sababu za kutungwa kwa Sheria ya Kanda za Video ya mwaka 1984. Wengi wa waliolalamika hawakuwa wameiona filamu, jambo ambalo watetezi wake hulisema kwa kejeli hadi leo, bila kutambua kwamba kilichowaudhi watu wale walikuwa wamekiona chote.

Ikiwa bango lina kitisho chake, basi lina hukumu yake pia, na cheti cha filamu hakilihusu. Marekani walilazimika kulikabili jambo hili mwezi Machi 2007, mabango makubwa ya Captivity yalipotundikwa Los Angeles yakimwonyesha mwanamke katika picha nne mfululizo, kutoka kutekwa hadi kuuawa, bila idhini ya chama cha wenye studio ambacho hupitia matangazo kama kipitiavyo filamu. Mabango yalishushwa kwa kelele za wakazi, na chama kikasimamisha kwa muda kazi ya kuipa filamu hiyo daraja, hata tarehe yake ya kutoka ikasogezwa mbele kutoka Mei hadi Julai. Wapo waliosema kwamba ni dhuluma kuiadhibu filamu kwa kosa la karatasi. Lakini waliofanya yote mawili ni wale wale, na adhabu nyingine ambayo wangeisikia sioni ni ipi. Sheria ya Kenya ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hulitaja bango kando ya filamu miongoni mwa vitu vya kukaguliwa, na katika hilo imeona sawasawa. Kinachobaki ni kwamba mkaguzi akiwekewa bango mezani asiulize kama linafanana na filamu aliyoitazama jana, bali aulize litamfanya nini mtu anayesubiri gari kituoni, ambaye filamu hiyo hataiona kamwe.